Volti Kumi na Moja Nukta Tano Mbili

Siku ya gulio Biharamulo, kwenye duka la vifaa vya umeme, mikono miwili iliikamata mita moja ya kupimia volti. Mmoja ulikuwa wa Iradukunda, binti wa Rulenge aliyevaa gauni la kitenge cha njano na buti za kazi. Wa pili ulikuwa wa Maduhu, Msukuma mrefu, shati lake jeupe limepigwa pasi kama la bwana harusi.

"Achia, kaka. Nimeishika kwanza."

"Umeshika waya wake. Mita yenyewe ninayo mimi."

"Unajua hata kuitumia?"

"Nina stashahada ya umeme, dada."

"Hata mimi ninayo. Ndiyo maana nauliza."

Muuzaji alicheka, akampa binti. Maduhu alikosa mita, akapata namba ya simu.

Tangu hapo walipendana kwa kugombana. Maduhu akifanya kazi Lusahunga, Iradukunda Rulenge, simu hazikupoa. "Kichwa ngumu wangu," Maduhu alimwita. "Bwana Pasi," alijibiwa. Mpaka likatokea la zahanati.

Ilikuwa zahanati ndogo ya kijijini, na friji lake la chanjo lilitegemea betri moja ya sola. Maduhu, kwa hisani tu, alikwenda kuongeza betri ya pili, iliyokwisha kutumika. Friji likazidi kudhoofika. Muuguzi Scolastica alimwita Iradukunda, fundi wa jirani. Iradukunda akapima, kisha akampigia Maduhu aje.

"Betri yako inainyonya ile nzuri," alimwambia mbele ya kina mama waliopakata watoto.

"Betri mbili zinasaidiana. Nani asiyejua?"

"Tusibishane, tukokotoe. Upande wa hasi tuuite sifuri. Pale nyaya tatu za chanya zinapokutana, volti yake hatuijui, tuiite V. Betri nzuri ina volti kumi na tatu, yako kumi na moja. Njia ya kila betri ina ukinzani wa omu moja, friji omu kumi na mbili. Mikondo yote inayotoka pale, jumla yake ni sifuri. Haya, tafuta V."

"Unanipa mtihani mbele za watu?"

"Nakuomba uhesabu, mpenzi."

Mama mmoja aliguna kicheko. Damu ikampanda Maduhu.

"Mlikuja hapa kutoka Burundi na mafurushi kichwani, leo mnatufundisha umeme? Mkimbizi wewe!"

Kicheko kikakatika. Iradukunda, aliyezaliwa Rulenge, alichomoa betri ya Maduhu, akaitua miguuni pake.

"Chukua. Na namba yangu uifute."

Maduhu alirudi Lusahunga akitafuna hasira, akakaa akokotoe ili amwumbue. V kutoa kumi na tatu, kujumlisha V kutoa kumi na moja, kujumlisha V kugawanya kwa kumi na mbili: vyote pamoja sifuri. Alipata kumi na moja nukta tano mbili. Akarudia, ikawa ileile. Volti pale kwenye kiungo ilikuwa juu kuliko ya betri yake. Kwa hiyo mkondo haukuwa ukitoka kwenye betri hiyo, ulikuwa ukiingia. Akaiondoa kwenye hesabu: volti kumi na mbili kamili. Msaada wake ndio uliokuwa ukiliua friji.

Akapiga simu.

"Nimepata kumi na moja nukta tano mbili."

"Ndilo jibu."

"Basi nisamehe, kipenzi."

"Maduhu, unafikiri nilirudi nyumbani nikilia kwa sababu ya hesabu?" Simu ikakatwa.

Alipopiga tena haikupokelewa. Akafunga safari mpaka Rulenge kwa mama yake Iradukunda, Generoza, akamkuta barazani akichambua maharage.

"Shikamoo, mama."

Generoza aliendelea kuchambua.

"Mama, nilimtukana binti yako mbele za watu. Nimekuja kuomba radhi."

"Tusi mbele za watu, radhi barazani kwangu?" Hakuinua macho. "Rudi ulikotukania."

Siku ya kliniki Maduhu alisimama mbele ya kina mama wale wale, jasho limemlowesha shati. Iradukunda alikuwa mlangoni, amekunja mikono.

"Betri yangu ilikuwa mbovu, na mdomo wangu mbovu zaidi. Huyu ni wa hapa. Babu yangu mwenyewe alikuja huku akifuata malisho ya ng'ombe, na hakuna aliyemwita mkimbizi."

Akatoka nje. Iradukunda akamfuata.

"Usidhani nimekusamehe."

"Sidhani. Nataka kuleta wazee kwenu."

"Wanajua ulivyoniita?"

"Hapana."

"Basi waambie. Wakikataa kuja, usinipigie tena."

Maduhu alitoa simu palepale, akafungua spika. Alimwamkia baba yake kwa Kisukuma, kisha akahamia Kiswahili ili binti asikie yote.

"Baba, kuna binti wa Rulenge nataka kumwoa. Ila nilimkosea. Nilimwita... nilimtolea maneno mabaya."

"Maneno gani?" sauti ya mzee iliuliza.

Maduhu akamtazama Iradukunda. Macho yale hayakumwonea huruma, lakini hayakuondoka.

"Liseme," binti alinong'ona. "Lote."