Atupele na Neno Kubwa Mno

Kaa vizuri. Acha kujikuna. Hii ndiyo hadithi tamu kuliko zote. Unabisha? Basi simulia yako!

Atupele yuko darasa la pili. Shule yao iko mlimani, katikati ya migomba.

Kengele ya shule ni rimu kuukuu ya gari. Imening'inia kwa mnyororo. Ukiigonga kwa chuma, inalia: Ngwaa! Ngwaa!

Kila Ijumaa, Mwalimu Mwakajila huuliza, "Nani ana neno kubwa la Kiingereza?" Anayelitumia vizuri ndiye anayegonga kengele ya kwenda nyumbani.

Atupele hajawahi kuigonga. Hata mara moja! Anaitamani mpaka viganja vinamwasha.

Lakini maneno yake ni madogo madogo. Cat. Cup. Cow.

"Hayo hata paka anayajua," akasema kaka yake, Ambakisye.

"Basi nipe kubwa, kaka."

"Utaliweza wewe? Haya. Enormous! I-no-masi. Maana yake kubwa mno. Kubwa kupita kubwa!"

*Neno kubwa, mdomo mdogo!*
*Litaingia? Litaingia tu!*

Atupele akabeba ndoo. Akaenda bombani. "Inomasi, inomasi, ino..."

Kokoriko! Jogoo akakatiza mbele yake. Neno likapotea. Fyuu!

Akatazama ndani ya ndoo. Halipo. Akamnyanyua kuku, akachungulia chini yake. Halipo.

"Unatafuta nini?" akauliza Ambakisye.

"Neno langu."

"Chini ya kuku? Unadhani limetagwa?" Ambakisye akacheka mpaka akakaa chini.

Atupele hakucheka. Kesho ni Ijumaa!

Mara akaona mkungu wa ndizi unatembea. Una miguu miwili! Kumbe ni baba, ameubeba begani. Mkungu umemficha mpaka magotini.

"Baba! Mkungu huo ni... ni... enormous!"

Neno limerudi! Atupele akarukaruka. Akaanza kuligawa kwa kila kitu kikubwa.

Boga? Enormous! Tumbo la ng'ombe? Enormous! Masikio ya kaka?

"Wee!" Ambakisye akayafunika kwa mikono.

*Neno kubwa, mdomo mdogo!*
*Litaingia? Limeingia!*

Ijumaa ikafika. Mwalimu akauliza, "Nani ana neno kubwa?"

Mkono wa Atupele ukapaa. Akasimama. Akafungua mdomo.

Halipo!

"Liko wapi, Atupele?"

"Lilikuwepo asubuhi, Mwalimu."

Watoto wakacheka. Wewe je, umecheka? Ngoja, utaona!

Atupele akabaki amesimama. Mwalimu akageuka, akafuta ubao. Fyu, fyu, fyu. Vumbi la chaki likaruka. Likamwingia Mwalimu puani.

Haa... haaa... haaaaa...

CHYAAAAA!

Madaftari yakafunuka. Chaki zikabiringika. Mbuzi wa nje akatoka mbio.

"Pole, Mwalimu!" likasema darasa zima.

Atupele macho yakamtoka. "Mwalimu! Chafya yako ni ENORMOUS!"

Lahaula! Watoto wakaziba midomo. Mwalimu akamkazia macho Atupele. Akamkazia tena.

Kisha mabega ya Mwalimu yakaanza kutikisika. Kwe! Kwe! Kwe! Akacheka mpaka machozi.

"Hapo umelitumia sawasawa," akasema. "Nenda kagonge kengele!"

*Neno kubwa, mdomo mdogo!*
*Limetoka? Limetoka!*

Atupele akakimbia. Akashika chuma kwa mikono miwili.

Ngwaa! Ngwaa! Ngwaa!

"Inatosha, Atupele!"

Ngwaa!

"Atupele!"

Ngwaaaa!

Watoto wakatoka mbio, mikoba ikiruka migongoni. Mwalimu akasimama mlangoni. Akatoa leso. Akapenga kamasi.

Prrrrruuuuu!

Watoto wote wakageuka. Wakapaza sauti pamoja:

"ENORMOUS!"