Mkoba Uliopangwa Vizuri Mno

Jumamosi ile Nadhifu aliamka mapema kama kawaida yake. Alifagia uwanja, akaosha vyombo, akaanika shuka. Kila kitu kilipokuwa mahali pake ndipo alipoketi sebuleni na Kidole kucheza mchezo kwenye simu kuukuu ya nyumbani.

Jina la Nadhifu hakupewa na wazazi. Alipewa na mwalimu, kwa sababu madaftari yake hayakuwa na doa wala kunyanzi. Wazazi wake walifanya kazi mbali, naye aliishi kwa mama yake mdogo, daktari wa mifugo, ili awe karibu na shule. Kidole alikuwa mtoto wa huyo mama mdogo. Jina lake naye alilichuma mwenyewe, maana hakuna kitu alichokiona asikiguse.

Katika mchezo wao, msafiri hupita msituni na mkoba mgongoni. Mkoba una vyumba vidogo vidogo, na kila anachookota, iwe kamba, mkate, dawa au kisu, huingia katika chumba chake. Vyumba vikijaa, haokoti kingine mpaka atupe kitu.

"Huu mkoba wako au jalala?" Nadhifu alicheka alipopokea simu. "Dawa iko kati ya mawe! Kisu kimelala na mkate!"

"Jalala, lakini mwenyewe niko hai," Kidole alijibu. "Dawa na kisu naviweka hapa pembeni, karibu na dole gumba. Simba akitokea sitafuti."

"Bahati tu hiyo." Nadhifu alibonyeza kitufe cha kupanga. Vitu vikakimbizana kwenye kioo, dawa zikaenda kwa dawa, vyuma kwa vyuma, vyakula kwa vyakula, vikubwa mbele na vidogo nyuma. "Unaona? Mkoba mzuri ni ule ukiutazama moyo unatulia."

"Moyo wa nani? Wa simba?"

Macho ya Nadhifu yalikuwa yamehamia kwenye benchi la ukumbini, ulipokuwa mkoba wa kazi wa mama mdogo, wa turubai nene, na mfuniko wake umeachwa wazi. Mama mdogo mwenyewe alikuwa nje anaosha pikipiki. Nadhifu akachungulia. Hayo aliyoyaona! Sabuni karibu na wembe. Chupa ya spiriti imebanwa na pamba na mkasi. Na chuma kimoja chenye ncha kali, kimeingizwa ndani ya mrija mgumu wa plastiki, vyote viwili vimeviringishwa katika kitambaa cheupe na kusukumwa mfuko wa kando peke yao, kama wageni wasiotakiwa.

"Maskini mama mdogo," alisema moyoni. "Kazi nyingi, hana hata nafasi ya kupanga."

Alianza kutoa kimoja kimoja.

"Dada, acha," Kidole alinong'ona. "Mama hataki mkoba wake uguswe. Mimi nilichukua mkasi tu, siku ile ya kutengeneza tiara, nikakiona cha mtema kuni."

"Wewe ulichukua. Mimi napanga. Akiufungua atafurahi."

Basi akapanga. Chupa alizisimamisha kwa urefu. Wembe, mikasi na sindano alizitia mfuko mmoja wa zipu. Akakifungua kile kitambaa cheupe, akachomoa chuma kutoka ndani ya mrija. Chuma akakitia pamoja na mikasi, kwa kuwa ni chuma. Mrija akauchomeka katikati ya mpira mrefu uliokunjwa duara, kwa kuwa mrija na mpira ni ndugu. Kitambaa akakikunja, akakiweka na vitambaa. Alipomaliza alirudi nyuma hatua chache, akautazama mkoba kama mtu anayetazama nyumba yake mpya.

Simu ya mama mdogo ililia. Alisikiliza huku maji yanamchuruzika mikononi, na uso wake ukabadilika.

"Anapumuaje? Bado amesimama? Sikiliza, Fundi, asilale. Mshike, mtembeze, fanya uwezalo, lakini asilale." Alikata simu. "Nadhifu! Njoo unisaidie kushika. Kidole, angalia sufuria jikoni. Na usiguse kitu!"

Aliufunga mkoba bila kuutazama, akautupa begani. Nadhifu alipanda nyuma ya pikipiki. Alitaka kusema habari ya mkoba, lakini upepo ulikuwa mkali na pikipiki ilikwenda mbio. Akasema moyoni, atauona mwenyewe tukifika.

Fundi alikuwa mshona nguo. Nyuma ya chumba chake cha cherehani alifuga ng'ombe mmoja tu, aliyemwita Bi Harusi kwa maringo yake. Bi Harusi alikuwa amezaa karibuni, na ndama wake alikuwa amefungwa pembeni akilia. Lakini siku hiyo maringo yalikuwa yamekwisha. Ubavu wake wa kushoto ulikuwa umevimba na kukaza kama ngoma. Shingo ilinyooka mbele, ulimi ukatoka nje, na udenda ukamwagika kama utepe mrefu. Kila pumzi aliivuta kwa kukoroma.

"Nilimpa maganda ya viazi, Daktari," Fundi alisema huku ameng'ang'ania kamba ya kichwani. Futi yake ya kupimia nguo ilikuwa bado shingoni. "Ndoo nzima. Nadhani kulikuwa na kiazi kizima ndani. Ndicho hiki hapa kooni, nakigusa!"

Mama mdogo alipapasa koo. "Kimeziba njia. Ng'ombe asipocheua, hewa inajaa tumboni. Ikijaa sana inabana mapafu." Aliufungua mkoba, akauvuta ule mpira mrefu kwa nguvu, akaupaka mafuta na kujaribu kuupitisha mdomoni mwa ng'ombe. Mpira ulikwama. Akajaribu tena. Bi Harusi alitikisa kichwa, Fundi akarushwa ukutani, akarudi.

"Haupiti," mama mdogo alisema, akautupa kando. Miguu ya mbele ya Bi Harusi ilianza kutetemeka. "Lazima nitoboe. Fundi, usimwache apige magoti. Akilala tu, tumempoteza."

Alipapasa ubavu wa kushoto, kati ya ubavu wa mwisho na nyonga, akaweka vidole viwili mahali alipotaka. Vidole vile havikutoka tena pale, wala macho yake. Mkono wake wa pili ulishuka peke yake kwenye mkoba, ukaingia mfuko wa kando.

Ukatoka na pamba.

Uliingia tena, ukatoka na kipande cha sabuni. Mama mdogo aligeuka, kwa mara ya kwanza akautazama mkoba wake.

"Ni nini hiki?" Sauti yake ilishuka, na Nadhifu aliogopa zaidi kuliko kama angepiga kelele. "Chuma changu kiko wapi? Nani ameingia humu? Ah! Ni huyu Kidole tena. Wallahi nikirudi nyumbani leo, mtoto yule..."

Nadhifu alisimama kama mti. Macho yake yalikimbilia mlango wa zizi. Kidole hakuwepo, na kila mtu angeamini kuwa ni Kidole. Yeye ni Nadhifu, ambaye hajawahi kukemewa hata kwa kumwaga maji. Kunyamaza tu, na jina lake lingebaki jeupe. Bi Harusi alikoroma, na safari hii pumzi haikurudi upesi.

"Mama mdogo, ni mimi!"

"Nini?"

"Si Kidole. Nimeupanga mimi. Nilidhani nakusaidia."

Fundi aligeuza kichwa. Mama mdogo alimtazama Nadhifu kidogo tu, kisha akarudisha macho kwenye ubavu wa ng'ombe. "Viko wapi? Taratibu. Usilie, sema."

"Chuma kiko kwenye zipu, na mikasi." Nadhifu alipiga magoti, akafungua zipu, akakitoa. "Hiki hapa!"

"Na mrija wake?"

"Nimeuweka na mpira."

Wote watatu waliutazama mpira, uliolala kwenye majani machafu umejikunjua kama nyoka. Mrija haukuwepo. Ulikuwa umechomoka wakati mpira unavutwa.

"Chuma peke yake hakinifai," mama mdogo alisema. "Nikitoboa bila mrija, tundu litajifunga palepale. Utafute, mwanangu. Utafute!"

Nadhifu alipekua majani kwa mikono yote miwili. Alishika kijiti. Alishika samadi. Machozi yalimzuia kuona, akayafuta kwa bega. "Ee Mungu, nionyeshe," alisema kwa sauti bila kujijua. Ndipo alipouona, mweupe, karibu na kwato ya nyuma ya Bi Harusi. Akainuka kuufuata.

"Usipite nyuma yake!" mama mdogo alipaza sauti. "Atakuvunja! Zunguka mbele, upite chini ya mkono wa Fundi."

Kuzunguka kulikuwa kurefu, na kila kiungo cha Nadhifu kilitaka njia ya mkato. Lakini alitii. Alipita chini ya mkono wa Fundi, akajibana ukutani, akalala kifudifudi na kunyoosha mkono. Kwato iliinuka, ikapiga chini karibu na vidole vyake. Akanyoosha tena. Akaushika.

"Miminia spiriti. Yote, usione huruma. Na chuma pia. Sasa ingiza chuma ndani ya mrija, nipe."

Goti la Bi Harusi lilikuwa limegusa chini. Fundi alikuwa amemkumbatia shingoni, analia na kumbembeleza, "Simama, bibi, simama, usinitende hivi." Mama mdogo aliweka ncha mahali pa vidole vyake, akavuta pumzi, akasukuma kwa kiganja kizima. Kisha akachomoa chuma na kuuacha mrija.

Hewa ilitoka kwa mlio kama gurudumu lililotoboka, na harufu yake ikajaa zizi zima. Hakuna aliyeziba pua. Walisimama wakiutazama ubavu ule ukishuka, polepole, mpaka Bi Harusi akavuta pumzi ndefu na kuinua goti lake mwenyewe.

"Namshukuru Mungu," mama mdogo alisema, akaegemea ukuta.

Baadaye, ng'ombe alipotulia, aliupitisha ule mpira tena kwa upole, na kiazi kikasukumwa kikateremka. Akamshughulikia jeraha, akampa Fundi maelekezo ya dawa na kumwonya kukatakata kila kiazi kabla ya kumlisha mnyama. Fundi aliitikia kila neno. "Hata maganda nitayapima kwa futi, Daktari," alisema, na kwa mara ya kwanza wakacheka.

Nadhifu hakucheka. Mama mdogo alimkuta amekaa chini kwenye mlango wa chumba cha cherehani, akakaa karibu naye na mkoba mapajani.

"Nani alikufundisha kupanga hivi?"

Nadhifu alimweleza habari za mchezo, msafiri na kitufe cha kupanga.

"Na simba akija, ukafungua mkoba kutafuta kisu, simba hufanya nini?"

Nadhifu alifikiri. "Husimama, mama mdogo. Ukifungua mkoba, mchezo wote unasimama mpaka uufunge."

"Basi simba wako ana adabu," mama mdogo alisema. "Wa kwangu hasimami. Mimi nafungua mkoba huku macho yangu yako kwa mnyama. Ndiyo maana vitu vyangu havipangwi kwa kufanana, vinapangwa kwa zamu ya mkono. Sabuni na wembe viko pamoja kwa sababu naosha mahali, nanyoa, kisha nafanya kazi. Chuma na mrija nimevichemsha na kuvifunga pamoja kwa sababu kimoja bila kingine ni takataka. Wewe ulipanga mkoba upendeze kwa anayeutazama. Hukumuuliza anayeutumia."

"Nisamehe, mama mdogo."

"Nimekusamehe. Lakini sikiliza, na hili ulishike. Kupanga ni kuzuri, na mikono yako Mungu ameijalia. Ila kitu cha mtu, hata ukikigusa kwa nia njema, muulize kwanza. Nia njema haimponyi ng'ombe." Akamgeukia. "Tena kuna jambo la pili. Pale nilipomtaja Kidole, nilikuona. Nilikuona unavyoutazama mlango."

Nadhifu aliinamisha kichwa.

"Ungenyamaza, ningekuwa bado natafuta mrija humu ndani ya mkoba, nao uko kwenye majani. Bi Harusi angekufa mikononi mwangu, na mwanangu angebeba kosa lisilo lake. Wewe ungerudi nyumbani na jina zuri, na hungelala. Ukweli una uchungu, mwanangu, lakini ukiusema mapema unawahi kusaidia. Ukiuchelewesha, unabaki uchungu mtupu."

Aliumimina mkoba wote juu ya kitambaa safi alichowapa Fundi, akavuta miguu na kukaa vizuri.

"Haya, nipangie. Lakini safari hii, kila kitu ukikishika, niulize nakitumia lini."

Nadhifu alinawa mikono kwanza; gauni lake lilikuwa limejaa samadi, wala hakujali doa. Akakishika cha kwanza, akauliza.