Miche Iliyolelewa Jikoni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sindano alipita jikoni kuiamkia miche yake. Jina hilo alipewa na shangazi yake kwa ajili ya wembamba wake. Shangazi alikuwa mlinzi wa mlima, na ndiye aliyewagawia wanafunzi wa darasa la sita vijiti vya kuotesha nyumbani, vya kichaka kifupi kinachotambaa juu kabisa mlimani, mahali miti inapokoma. Majani yake madogo na magumu hubaki ya kijani mwaka mzima. Miche hiyo ingepandwa juu ya chemchemi iliyowapa watu wote maji, kwenye mteremko uliobaki wazi, ili ishike udongo kabla ya mvua kubwa.

"Iacheni nje, kwenye kokoto," shangazi aliwaagiza. "Na mbolea msiitie."

Lakini Sindano aliionea huruma. Nani humlaza mtoto nje kwenye baridi? Akaiweka karibu na jiko, akaitilia samadi. Siku ya kupanda, miche ya wenzake ilikuwa mifupi na migumu kama brashi. Yake ilimfika magotini.

"Yenu hamkuilisha?" aliwatania.

Shangazi aliitazama, akakunja uso. "Hii ilikuwa inalala wapi?"

"Nje tu, shangazi."

Hata wiki haikuisha. Upepo wa mlimani uliilaza miche ya Sindano, umande ukaganda juu ya majani yake laini, yakawa meusi. Ya wenzake ilishika vizuri. Sehemu yake, tena iliyokuwa juu ya mdomo wa chemchemi, ikabaki tupu, na mawingu yalishaanza kukusanyika. Sindano aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto.

"Kule juu vichaka vimejaa," mtoto wa shangazi, aliyesoma naye, alimnong'oneza. "Tung'oe vichache tupande hapa. Nani atajua?"

Wakapanda mlima. Sindano alishika kichaka kimoja, akavuta kwa nguvu zake zote. Kiling'oka na bonge la udongo, na pale kilipokuwa, kokoto zikaanza kuporomoka. Akaduwaa.

"Tunaziba kule kwa kutoboa huku! Mimi sitaki."

Alikirudisha kichaka shimoni, akakishindilia, kisha akashuka mbio hadi kwenye kibanda cha walinzi.

"Shangazi, nilikudanganya. Miche niliilaza jikoni, nikaitilia samadi."

Shangazi alitikisa kichwa. "Nilihisi kuna jambo. Mche wa mlimani haunenepi vile. Sasa utafanyaje?"

"Nitapanda upya, hata kama ni peke yangu."

"Vijiti vipya havitaota mizizi kabla ya mvua. Twende nikuonyeshe."

Huko juu, shangazi aliinua tawi lililolala chini. Lilikuwa limeshatoa mizizi yake mahali lilipogusa udongo.

"Hili linajitegemea tayari. Kata hapa, kichaka mama hakitaumia. Ila chukua moja tu kwa kila kichaka."

Kuanzia siku hiyo, Sindano alipanda mlima kila alipotoka shule. Vidole vilimpasuka kwa baridi, naye hakulegea. Mtoto wa shangazi alimcheka, kisha akaona haya, akaanza kumbebea kikapu. Kila tawi walilolipanda walilizungushia mawe kulikinga na upepo. Walipomaliza, matone ya kwanza yalikuwa yakianguka.

Mvua ilimwagika siku nzima. Ilipokatika, Sindano alikimbilia chemchemi. Maji yalikuwa safi, mchanga wa chini ukionekana. Juu yake matawi yalikuwa yameng'ang'ania ardhi, yote yakiwa mahali pake. Sindano alicheka na kulia kwa pamoja.

Shangazi alimshika bega. "Miche uliipa unachopenda wewe, si inachohitaji yenyewe. Hilo ni kosa, na kila mtu hukosea. Lakini uongo wako ulikaribia kutunywesha sote tope. Siku nyingine ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna cha kuokoa. Ukisema, utapata wa kukusaidia. Ukificha, utahangaika peke yako."