Aliyeanguka Chali

Saa mbili asubuhi, Jumatatu moja ya mwaka 1974, Jenoveva, muuzaji wa duka la ushirika katika kijiji kimoja juu ya Soni, alikutwa sakafuni amelala chali, nyonga imevunjika, kisogo kinavuja damu. Miguuni pake palikuwa na gunia la maharage.

Sajini Paskali alipofika kutoka Lushoto, majeruhi alikuwa amekwisha pelekwa hospitali, na mgambo walikuwa wamemfunga kamba Omari, mchukuzi wa duka. Watu wana haraka ya kuhukumu. Paskali hakuwa nayo. Aliomba chai kwanza.

"Shikamoo, afande," Omari alisema. "Gunia nililiegemeza ukutani jana jioni. Haki ya Mungu."

"Marahaba."

"Mwongo huyo!" alidakia Kornelio, meneja. "Kalitupa njiani, dada wa watu kajikwaa. Afungwe!"

Omari alikuwa na watoto wanne na hakuwa na shamba. Akifungwa, watakula nini? Wazo hilo lilimkera Paskali.

"Wewe ndiye uliyemkuta, meneja?"

"Mimi. Amelala chali."

"Anayejikwaa huanguka kifudifudi, akachubuka magoti. Anayeanguka chali ameteleza."

Kornelio alicheka. "Ateleze wapi? Sakafu kavu hiyo."

Kweli ilikuwa kavu, ingawa mvua ilinyesha usiku kucha na paa lilivuja. Lakini mchirizi mweupe ulitokea chini ya mlango wa stoo, na ufunguo wa stoo alikuwa nao Kornelio peke yake. Paskali alimwaga maji hapo, akasugua kwa buti. Povu likapanda.

"Sabuni!" alipiga kelele Secilia, aliyekuwa mbele ya foleni ya wateja mlangoni. "Nafua kwa majivu tangu Pasaka, tunaambiwa haijaja!"

Stoo ilipofunguliwa, nyuma ya majembe palikuwa na katoni sita za sabuni. Ya juu, chini ya tundu la paa, ilikuwa imelowa chapachapa.

"Madereva wa Mombo hulipa mara tatu ya bei," Kornelio alinong'ona. "Nilipomkuta nilipangusa maji ya sabuni, nikaburuta gunia hadi miguuni pake. Ningesema nini, afande?"

"Ungesema kweli. Njia ya mwongo fupi."

Paskali alimfungua Omari kwa mkono wake, akamwomba apeleke katoni garini. Omari alisugua viganja vyake vilivyokufa ganzi.

"Hapana, afande. Leo abebe mwenyewe."

Akina mama wakapisha njia. Kornelio akainama, akajitwisha katoni ya kwanza.