Debe la Vipande vya Msasa

Asubuhi za nyumba ile zilipendeza. Kabla chai haijachemka, randa ilikuwa imeshaanza kazi katika karakana ya uani, na harufu ya mbao mbichi ilikuwa imeingia hadi chumbani. Mke wa fundi alikuwa akikaa kizingitini, binti yao katikati ya magoti yake, akimsuka nywele za shule huku akimtania baba mtu aliyekuwa akiimba nje ya sauti. Hakuna aliyekuwa na haraka.

Huyo baba mtu walimwita Kipande, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Hakuwahi kutupa kipande cha msasa. Karatasi moja aliichana mara nne, robo akaigawa nusu, na kilichobaki, chenye ukubwa wa stempu, alikitia kwenye debe lililokuwa chini ya benchi. Ndugu zangu, msicheke mapema. Wengi wetu tuna debe letu mahali fulani.

Isitoshe, alikuwa na elimu yake. "Msasa hauishi," aliwaambia mafundi wenzake. "Namba themanini, ile kali, ikichoka inakuwa mia na ishirini, laini zaidi. Ikichoka tena, mia mbili. Anayenunua msasa laini wakati ana chakavu, huyo pesa zinamuwasha."

Na tusimvunjie heshima. Alikuwa fundi kwelikweli. Viungo vya mbao zake vilibana hata wembe haupenyi, na kiti alichokiunda kilikaa sakafuni kwa miguu yote minne bila kubembelezwa. Lakini kupiga msasa hakupiga. Kazi hiyo alimwachia mkewe tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, na mkewe akaifanya vizuri mno hata majirani wakambandika jina la Bi Kiganja. Akimaliza ubao, alifumba macho, akapitisha kiganja polepole, akasema, "Hapa bado." Na kweli, hapo palikuwa bado.

Asubuhi moja kichana kilimdondoka Bi Kiganja. Alikiokota, akainua mkono tena, ukagoma usawa wa kifua.

"Mama, unaniumiza," binti alisema, maana alikuwa anavutwa nywele kwa mkono wa kushoto.

"Samahani, mwanangu. Leo nenda na mkia mmoja."

Kipande alisikia, akaendelea kuranda. Wiki hiyo alikuwa na meza tatu za maktaba ya shule, mbao ngumu, kazi ya kumpa jina. Bi Kiganja alizipiga msasa kwa vile vipande vya debeni, akibadili mkono kila mara, mpaka zikang'aa. Mumewe alipoona mng'ao akaridhika. Akapaka vanishi ya kwanza.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Vanishi ilipoingia, mikwaruzo mirefu ikajitokeza uso mzima wa meza, na penginepo vanishi ikakataa kushika, ikabaki mabaka. Mwalimu mkuu alikuja kutazama, mama mpole mwenye miwani. Akainama chini ya meza, akagusa viungo.

"Fundi, kazi ya kuunga kama hii sijaiona," alisema. "Lakini watoto wataandika huku juu. Nakupa wiki mbili. Ukishindwa, nitampa mwingine, na itaniuma."

Mwalimu alipoondoka, Kipande alisema neno ambalo hata leo analijutia. "Siku hizi umelegea, mke wangu."

Bi Kiganja hakupandisha sauti. "Tangu unioe, baba watoto, umemaliza ubao gani kwa msasa? Nitajie mmoja."

Kesho yake walikwenda zahanati, na muuguzi alimfunga Bi Kiganja mkono kwa kitambaa na kumwambia bega limechakaa kwa kazi ya kusugua, na kwamba akiendelea vile, hatauinua tena juu ya kichwa. Kipande alisimama pale mlangoni na kofia mkononi. Moyo ulimwuma, na aibu ilimshika mbele ya muuguzi.

Basi akalivuta debe lake, akaanza mwenyewe. Mkewe aliketi kwenye kigoda akimtazama. Kipande alisugua kwa nguvu zake zote. Kipande cha kwanza kikampasua ncha ya kidole, cha pili kikapasha moto ubao bila kutoa vumbi. Kufika adhuhuri mabega yalikuwa yanawaka, meza inang'aa, na mikwaruzo iko palepale.

"Mbona inang'aa lakini mikwaruzo haiishi?" aliuliza.

"Kwa sababu hukati. Unapiga pasi tu," mkewe alimjibu. "Punje za msasa zimeisha makali, unaufunga uso wa mbao, vanishi inakosa pa kuingia. Na zile chache kubwa zilizobaki zinachimba mifereji. Themanini ikizeeka haiwi mia mbili, baba watoto. Inakuwa themanini mbovu."

"Sasa miaka yote hii ulikuwa unalainishaje?"

"Kwa bega."

Kipande alikaa chini kwenye maranda. Alikumbuka viti, vitanda, makabati, kila alichosifiwa, na safari hii aliona mkono uliovipitia.

"Nenda kwenye kopo langu la vifungo," mkewe akasema. "Chini kabisa."

Alikuta misasa yenye mgongo wa nguo badala ya karatasi, minene, ya namba tatu tofauti, haijaguswa. Ilikuwa ile ya bei mara nne ya misasa ya karatasi.

"Niliinunua kwa pesa ya kushona. Nikakuonyesha. Ukasema vitu vya ghali hivi ni vya kutunzwa," alisema, akatabasamu kidogo. "Nikaitunza."

Fundi alicheka, kisha macho yakamlowa. Alishika msasa mpya, akaupitisha bila kukandamiza, na vumbi laini likamwagika kama unga. Mkewe akamwelekeza: fuata mkondo wa mbao, usiruke namba, futa vumbi kabla hujaendelea. Meza ya kwanza ikaisha, ya pili, ya tatu, na ile misasa bado inakata. Akataka kuubembeleza mmoja uliokuwa umeanza kuteleza.

"Huo umekufa," Bi Kiganja alisema. "Hata wa ghali hufa. Tupa."

Akautupa.

Meza zilikwenda maktaba kabla ya wiki mbili. Bega lilichukua miezi kupona. Kisha asubuhi moja Kipande, akiwa anapiga msasa mlango, alisikia binti akicheka kizingitini. Aligeuka. Mkewe alikuwa amenyanyua mikono yote miwili, anasuka mikia minne. Alipomaliza alikuja karakanani, akafumba macho, akapitisha kiganja mlangoni.

"Hapa bado," alisema.

Fundi akachukua msasa, akarudia.

FUNZO

Mafundi wenzangu, mnauliza kama msasa wa ghali unalipa. Kwenye mbao ngumu na nyuso pana, unalipa. Kwenye mbao zenye utomvu, zinazoziba msasa wowote, nunua wa bei ya chini na uutupe mapema. Lakini yule anayeubania msasa huwa anaulipia kwa kitu kingine, na mara nyingi kitu hicho ni mwili wa mtu wa nyumbani kwake asiyelalamika. Kabla hujasema kifaa ni ghali, kaa mahali pa anayekitumia, umalize ubao mmoja kwa mkono wako. Ukishindwa, mwombe radhi, kisha nenda dukani.