Burito Hakuwa Mlevi

Kila Jumatatu Rhobi aliamka mapema. Alichemsha viazi vitamu, akakaanga samaki, akafunga chakula kwenye mfuko. Mume wake Burito alikunywa uji akiwa amesimama. Kisha alipanda bodaboda kutoka Butiama kwenda Musoma kuchukua lori.

Burito alikuwa na miaka ishirini na saba. Alibeba simenti na mabati kutoka Musoma, akayashusha kwenye maduka ya Bunda. Aliipenda sana kazi yake. Akiwa nyumbani alimpakata binti yake mdogo, Flora, akamwigizia sauti ya lori likipanda mlima. Flora alicheka mpaka akakohoa.

Lakini nyumba ile ilikuwa na siri. Mwaka uliopita Burito alianguka shambani, katikati ya mihogo. Mwili ulikakamaa, ukatetemeka. Povu likamtoka mdomoni. Alipozinduka hakukumbuka kitu. Baadaye alianguka tena mara mbili. Mara zote Rhobi alikuwepo.

"Baba Flora, twende hospitali," Rhobi alisema.

"Inatokeaga nikichoka tu. Usimwambie mtu. Watu wakisikia kifafa watasema ukoo wetu una laana. Na hakuna tajiri atakayenipa lori."

Rhobi hakumwambia mtu.

Alhamisi moja asubuhi, Burito alikuwa anaingia Bunda. Ghafla fahamu zikampotea. Lori liliacha barabara, likagonga nguzo za baraza la duka. Duka lilikuwa bado limefungwa. Hakuna aliyeumia.

"Breki zilikataa, tajiri," Burito alimwambia mwenye lori.

Fundi alikagua breki. Zilikuwa nzima.

"Umekunywa nini asubuhi yote hii?" tajiri aliuliza.

Burito alikuwa hajawahi kuonja pombe maishani mwake. Aliangalia chini. "Nisamehe, tajiri."

"Leta funguo. Mlevi haendeshi gari langu."

Burito alitoa funguo. Aliona afadhali aitwe mlevi kuliko mgonjwa wa kifafa.

Wiki sita alizunguka akitafuta kazi. Alikwenda kila yadi ya Musoma, akaenda Bunda, akarudi. Kila alipofika, habari zake zilikuwa zimeshafika. "Si wewe yule mlevi?" watu walimuuliza. Alijibu, "Nimeacha." Wakamwambia hakuna nafasi.

Mwishowe Bwana Clementi wa Kiabakari alimkubali. Mzee huyu alikuwa na malori mawili ya kubeba mawe ya kujengea.

"Hata mimi nilikuwaga mlevi kabla sijaokoka," alisema. "Njoo Jumatatu. Utakwenda na wapakiaji wanane. Wanakaa juu ya mawe, kwa hiyo endesha polepole."

Burito alirudi nyumbani akiimba. Alimweleza Rhobi kila kitu. Rhobi alikuwa anachambua maharage. Mikono yake ilisimama.

"Wapakiaji wangapi?"

"Wanane."

"Baba Flora, usiende."

"Tutakula nini? Niache nifanye kazi yangu."

Jumamosi Rhobi alisema anakwenda sokoni. Hakwenda sokoni. Alikwenda Kiabakari, akamkuta Bwana Clementi yadini.

"Baba, shikamoo. Mimi ni mke wa Burito. Mume wangu si mlevi. Ni mgonjwa. Anaangukaga kifafa. Tafadhali, usimpe lori."

Bwana Clementi alimsogeza pembeni. "Yeye anajua umekuja?"

"Hajui."

"Mama, umefanya jambo gumu."

Saa ileile, kule Butiama, Burito aliwasha moto jikoni ili achemshe maji ya kuoga. Akaanguka. Mkono wake wa kulia uliingia kwenye makaa.

Flora alipiga kelele. Majirani walikuja mbio. Mniko alifika wa kwanza. Huyu alikuwa rafiki wa Burito tangu utoto. Alifika mpaka mlango wa jiko, akasimama.

"Usimguse!" mtu mmoja alimwambia. "Lile povu linaambukiza!"

Mniko hakuingia. Hakuna aliyeingia. Walisimama wakitazama.

Sista Stellah, muuguzi wa zahanati, alikuwa anapita njiani. Alisikia kelele. Aliwasukuma watu, akamvuta Burito kutoka kwenye moto. Akamlaza ubavu. Kisha akaumwagia mkono maji safi ya baridi kwa muda mrefu.

Rhobi alishuka kwenye bodaboda akakuta uwanja umejaa watu. Hawakumtazama usoni.

Burito alilazwa Musoma karibu mwezi mzima. Vidole viwili vilikatwa. Vitatu vilivyobaki havikukunjika vizuri tena.

Siku moja Sista Stellah alikwenda kumtazama. Rhobi alimfuata nje ya wodi.

"Dada, ningekuwepo ningemtoa kwenye moto."

"Ndiyo, ungemtoa," alisema Stellah. "Na Jumatatu? Nani angemtoa kwenye lori, yeye na wale wanane?"

Rhobi alilia. Baadaye alirudi ndani, akamweleza mume wake mahali alipokuwa siku ile. Burito aligeukia ukutani.

"Umeniuza," alisema.

Stellah naye aliingia, akavuta kiti. "Burito, nisikilize. Hujarogwa, na ukoo wenu hauna laana. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Hauambukizi, si kwa povu, si kwa kugusana. Daktari ameshakuandikia dawa. Utakunywa kila siku, saa ileile."

"Mpaka lini?"

"Mpaka daktari aseme. Ukijisikia vizuri usiache. Ukiacha ghafla, utaanguka vibaya zaidi. Usikae na moto peke yako. Usiingie ziwani peke yako."

"Na lori?"

"Lori basi, Burito."

Burito alilia kwa sauti, mbele ya wagonjwa wengine. Rhobi hakuwahi kumwona akilia. Alitaka kumshika, lakini aliogopa kukataliwa. Alibaki amesimama karibu na kitanda.

Burito aliporuhusiwa, Stellah aliwaita majirani Jumapili baada ya kanisa. Walikaa uwanjani kwa Burito.

"Namtaka mtu mmoja alale hapa chini," Stellah alisema. "Awe mgonjwa."

Wote walitazamana. Mniko akasimama, akalala chini na shati lake la kanisani.

"Mtu akianguka kifafa, mwondoleeni vitu vya hatari. Moto, mawe, kisu," Stellah alieleza. "Mwekeeni kitu laini chini ya kichwa. Msimkandamize. Msimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Mtetemo ukiisha, mlazeni ubavu, hivi, ili mate yatoke. Kaeni naye mpaka azinduke. Zikipita dakika tano bado anatetemeka, mpelekeni hospitali haraka."

Mniko aliinuka na vumbi mgongoni. Alimsogelea Burito. Hakuweza kuutazama mkono wake.

"Nilisimama mlangoni," alisema. "Nilikuwa karibu na wewe kama hivi."

"Najua," Burito alijibu. "Nimeambiwa."

Mniko alikwenda zake.

Burito alikunywa dawa. Mwezi wa kwanza zilimletea usingizi mwingi, akataka kuziacha. Rhobi alimpeleka kwa daktari, daktari akapunguza kipimo. Miezi minne ikapita bila kuanguka. Lakini ndani ya nyumba maneno yalikuwa machache. Burito alimwita mke wake pale tu alipohitaji kufungiwa vifungo vya shati.

Mwezi wa tano alikwenda mwenyewe Kiabakari.

"Baba, sikuja kuomba funguo," alimwambia Bwana Clementi. "Nina kifafa. Natumia dawa. Lori siwezi kuendesha. Lakini nayajua malori. Nikisikia injini, najua inaumwa wapi. Nipe kazi yoyote ya yadini."

"Wewe unaniambia mwenyewe leo?"

"Ndiyo. Nikianguka, nilazeni ubavu. Nitawafundisha watu wako."

Bwana Clementi alimchukua. Kazi yake ilikuwa kukagua malori kabla hayajatoka: matairi, taa, breki, mzigo. Lori lenye kasoro hakulifungulia geti. Siku ya kwanza alimwambia tajiri kwamba wapakiaji wasikae tena juu ya mawe. Bwana Clementi alinung'unika, kisha akawatafutia gari dogo.

Jioni moja Rhobi alikuwa anamfungulia vifungo vya shati.

"Wale vijana wanane," Burito alisema. "Nawafungulia geti kila siku. Sasa nawajua majina. Mmoja mke wake amejifungua juzi."

Rhobi alifungua kifungo cha mwisho.

"Mama Flora, ningekuwa mimi, nisingekwenda kusema. Ningenyamaza."

"Najua."

"Ulifanya vizuri kwenda."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema hivyo. Rhobi aliinamisha kichwa kifuani kwa mume wake, akalia. Burito alimshika kwa mkono ule mbovu.

Sasa umepita mwaka na miezi miwili tangu aanze dawa, na Burito hajaanguka. Bado anakunywa dawa kila asubuhi. Watu wa Kiabakari humleta mtu mwenye kifafa yadini, naye humpeleka hospitali. Lakini madereva wapya wakiondoa gari kwa gia mbaya, mguu wake wa kushoto hukanyaga chini wenyewe kama unatafuta klachi, pale alipo, kwenye vumbi. Kisha hufunga geti.