Tarehe za Penseli

TANGAZO: Wananchi wote wanaarifiwa kwamba mawe arobaini na manne yaliyopangwa kando ya njia ya zahanati hii yamepakwa chokaa. Ni marufuku kuyakalia, kuyaegemea au kuyasogeza. Kwa amri ya Kamati ya Zahanati.

Tangazo hilo lilibandikwa mlangoni siku ya Alhamisi. Zahanati yenyewe iko kwenye mteremko nje ya Olenguruone, na haikuwa na benchi. Kabla ya tangazo, akina mama waliokuja kliniki walikaa juu ya mawe. Baada ya tangazo, walisimama.

Chepchirchir alikuwa mmoja wa waliosimama. Alikuwa amechuma majani chai tangu alfajiri, akayapeleka kwenye kituo cha kupimia chai, kisha akatembea saa moja na nusu akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto huyo, Shantel, alikuwa ametimiza miezi tisa. Alikwisha kupata chanjo zake za awali: alipozaliwa, alipofika wiki sita, wiki kumi, na wiki kumi na nne. Sasa ilikuwa zamu ya chanjo ya surua. Hiyo hutolewa mtoto anapofika miezi tisa, na hurudiwa akifika miezi kumi na minane.

Ndung'u, muuguzi wa zahanati, alihesabu watoto waliofika kwa chanjo hiyo. Walikuwa watatu.

"Leo hatufungui chupa," alisema. "Mrudi Alhamisi ijayo."

"Kwani dawa imeisha, daktari?" Chepchirchir aliuliza.

"Dawa iko kwa friji. Ni nyinyi hamtoshi."

Akachukua kitabu cha kliniki cha Shantel, akaandika tarehe ya kurudi kwa penseli, akamrudishia mama.

Alhamisi ya pili walikuwa wanne. Alhamisi ya tatu walikuwa wawili, kwa sababu wengine walikuwa wamechoka. Kila mara Ndung'u aliandika tarehe mpya kwa penseli. Mwandiko wake ulikuwa mzuri.

Alhamisi ya nne, Chepchirchir alikuwa akimfunga mtoto mgongoni wakati mumewe, Kipngeno, alipoinua kichwa. Alikuwa akinoa jembe mlangoni.

"Unaenda wapi tena, mama Shantel?"

"Kliniki."

"Na hizo viazi nani atapalilia? Hebu nione hicho kitabu."

Kipngeno alikifungua. Alisoma polepole, akifuata kwa kidole.

"Moja, mbili, tatu. Ameandikwa mara tatu! Huyu mtoto ana tarehe nyingi kushinda chifu."

"Ameandikwa, lakini hajadungwa."

"Serikali inaweza kuandika kitu haijafanya?"

Swali hilo lina jibu, lakini Chepchirchir hakulijua wakati huo. Alimshusha mtoto, akachukua jembe, akaenda shambani.

Siku hiyo watoto saba walifika zahanati. Ndung'u aliona kwamba wanatosha. Akafungua chupa.

Wiki tatu baadaye, Shantel alishikwa na homa. Alikohoa, mafua yakamtiririka, macho yakawa mekundu. Siku ya nne vipele vilitokea nyuma ya masikio, vikashuka usoni, kisha vikaenea mwili mzima.

"Tumpeleke hospitali," Chepchirchir alisema.

"Ngoja kwanza vitoke vyote," Kipngeno alijibu. "Mama yangu alitulea hivyo. Wakimdunga sasa, vitarudi ndani vimmalize."

Walimfunika blanketi zito, wakafunga madirisha. Walingoja siku tatu. Mtoto akaanza kuhema upesi, mbavu zikionekana kila alipovuta pumzi.

Emmy ndiye aliyewakuta hivyo. Aliishi ng'ambo ya kijito, naye alikuwa mhamasishaji wa afya ya jamii: mtu aliyefunzwa kutembelea nyumba za majirani na kuuliza habari za afya zao. Alimfunua mtoto, akamtazama, asisalimie tena.

"Siku ngapi?"

"Vipele vina siku tatu," Chepchirchir alisema.

"Tunangoja vitoke," Kipngeno alieleza.

"Baba Shantel, hii si viazi ungoje ikomae. Surua hairudi ndani kwa sababu ya sindano. Inaingia kwa mapafu. Inaharibu macho, masikio, hata ubongo. Huyu mtoto anafaa kuonwa na daktari leo, na apewe vitamini A. Mtafutie pikipiki."

"Lakini alichanjwa!" Kipngeno alikimbilia kitabu. "Tazama, mara tatu!"

Emmy alikitazama kwa muda.

"Hizi za penseli ni siku za kurudi. Mtoto akichanjwa, wanaandika kwa kalamu, kwenye mstari wa chanjo yenyewe, na tarehe aliyopewa. Hapa ndipo penye surua. Unaona nini?"

"Sioni kitu."

"Basi hicho ndicho alichopewa."

Shantel alilazwa siku tisa. Mapafu yalipona. Usaha uliotoka masikioni ulikauka. Daktari aliwaeleza wazazi kwamba ameokoka, na kwamba wamrudishe akapimwe kusikia.

Kwa miezi miwili, kila asubuhi, Kipngeno alisimama nyuma ya binti yake akiwa na kifuniko cha sufuria na mwiko. Aligonga. Kuku walitawanyika. Mbwa aliondoka. Shantel aliendelea kuchezea magunzi ya mahindi.

"Wacha, baba Shantel," mkewe alimwambia siku moja.

"Jana aligeuka."

"Jana aliona kivuli chako."

Hakugonga tena.

Juma hilo hilo Chepchirchir alikwenda zahanati pamoja na Emmy, Shantel akiwa mgongoni. Ndung'u alipomwona mtoto, aliondoka dirishani, akatoka nje kuwapokea.

"Daktari, ile chupa ilikuwa kwa friji," Chepchirchir alisema.

"Ilikuwa."

"Ikiningoja mimi?"

Ndung'u alieleza. "Chupa moja ni ya watoto kumi. Dawa ni unga. Nikiuchanganya na maji yake, saa sita zikipita tangu hapo, inayobaki lazima itupwe. Mwaka jana nilitupa mara mbili, nikaandikiwa barua ya onyo. Hakuna mtu amewahi kuniandikia barua kwa sababu ya mtoto niliyemrudisha."

"Unga ukitupwa, unaletwa mwingine," Chepchirchir alisema. "Masikio yanaletwa na nani?"

Emmy akaingilia.

"Tuambie basi. Tukikuletea kumi siku moja?"

"Nitafungua bila kuuliza mtu. Na mama yeyote akifika peke yake, asikubali tu kurudi. Aniulize ni siku gani nitafungua. Mimi nikichukua namba yake ya simu, nitampigia."

"Hukuchukua yangu," Chepchirchir alisema.

"Sikuchukua."

Tangu siku hiyo, Chepchirchir na Emmy walipita nyumba kwa nyumba. Hawakuuliza, "Mtoto amechanjwa?" Kila mzazi angejibu ndiyo. Waliomba kitabu, wakatafuta mistari iliyokuwa tupu. Walipata watoto kumi na wanne. Wengine walikuwa wamepitisha miezi kumi na minane bila kupata hata ile ya mwezi wa tisa. Mama mmoja aliona aibu.

"Si watanigombeza? Nimechelewa sana."

"Wakugombeze," Emmy alimwambia. "Utarudi na mtoto aliyechanjwa. Kuchelewa si mwisho wa chanjo."

Walipigiana simu, wakapanga Alhamisi moja. Walifika wote kabla ya saa tatu, wakakaa juu ya mawe meupe, na hakuna aliyethubutu kuwainua. Ndung'u alifungua chupa mbili. Shantel pia alichanjwa, kwa kuwa hata mtoto aliyewahi kuugua surua hupewa chanjo. Alilia sana. Hakumsikia mama yake akimbembeleza, lakini aliushika mkono wake.

Mvua zilipoanza, surua ilipita tena katika vilima vile. Haikumpata hata mmoja wa watoto wale kumi na wanne.

Lakini Chepchirchir alijua kwamba mama mgeni, asiye na namba ya mtu yeyote, angefika Alhamisi fulani akiwa peke yake. Aliiandikia barua Kamati ya Zahanati. Aliomba jambo moja: muuguzi aruhusiwe kufungua chupa hata kwa mtoto mmoja, bila kupewa onyo.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano, likiwa na mihuri miwili. Kipngeno alilisoma kwa sauti, akifuata kwa kidole:

"Kamati imeijadili barua yako kwa makini na inakupa pole. Mawe yaliyochafuliwa yatapakwa chokaa upya. Kuhusu chupa, utaratibu uliopo utaendelea. Hata hivyo, ili jambo hili lisipuuzwe, imeamuliwa kwamba kuanzia tarehe mosi litafunguliwa daftari maalumu. Kila mtoto atakayerudishwa nyumbani bila chanjo ataandikwa jina humo, si kwa penseli, bali kwa kalamu ya wino."